Karatasi iliyotafsiriwa vizuri ikaeleweka vibaya: kisa cha tilt, recline, lean na rest

Majina, mji, kituo kilichotoa kiti na aina ya kiti vimeondolewa, na umri wa mtoto umebadilishwa kidogo. Mlezi mkuu katika kisa hiki anaitwa bibi, kwa sababu ndivyo kila aliyefika pale nyumbani alivyomwita.

Usuli: kiti chenye miendo miwili

Mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa bila kushikiwa, alipewa kiti mwendo chenye njia mbili za kubadilisha mkao. Njia ya kwanza huzungusha kikalio na mgongo wa kiti kwa pamoja, kama kipande kimoja. Mtoto huelekea kutazama dari, lakini pembe kati ya paja na kiwiliwili chake haibadiliki. Kwa Kiingereza kitendo hicho ni tilt. Njia ya pili hulaza mgongo wa kiti peke yake. Kikalio hubaki palepale, na pembe ya nyonga hufunguka kutoka karibu nyuzi 90 kwenda 120 au zaidi. Hicho ni recline.

Anayeangalia kwa mbali huona kitu kimoja: mtoto amelala nyuma. Ngozi na misuli ya mtoto huona mambo mawili tofauti kabisa.

Kiti kizima kikienda nyuma, uzito huhama kutoka makalioni kwenda mgongoni, na kwa kuwa mwili na kiti vinasafiri pamoja, ngozi haiburuzwi. Mgongo wa kiti ukilazwa peke yake, mambo hubadilika. Bawaba ya kiti na kiungo cha nyonga havipo mahali pamoja, hivyo mgongo wa mtoto na mgongo wa kiti huchora njia mbili tofauti. Ngozi hushikwa na kitambaa huku mfupa unateleza ndani yake. Mgongo wa kiti ukirudishwa wima, mtoto husukumwa mbele akaishia kukalia mfupa ulio juu kidogo ya kitokono (ncha ya chini ya uti wa mgongo) badala ya makalio. Tena kwa watoto wengi ambao misuli yao hukakamaa, kufunguka kwa nyonga huamsha huo mkakamao: mwili unajipinda nyuma kama upinde, na mtoto anazidi kuteleza.

Ndiyo maana utaratibu una mpangilio wake. Kwanza kiti kizima kiende nyuma, ndipo mgongo wa kiti ulazwe. Kurudi ni kinyume: mgongo wa kiti uinuliwe kwanza, wakati magoti bado yako juu, halafu kiti kizima kirudi chini. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, makalio hayana pa kutelezea. Kiasi nacho kina maana. Kurudisha kiti nyuma kidogo, chini ya nyuzi 20, humsaidia mtoto kutulia na kumudu kichwa, lakini hakupunguzi sana mgandamizo wa makalio. Kwa kazi hiyo huanziwa nyuzi 30 kwenda juu.

Familia ilipewa pia karatasi moja ya A4, pande mbili, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Mtafsiri alikuwa mzoefu wa nyaraka za kisheria, na Kiswahili chake hakikuwa na kosa la sarufi hata mstari mmoja. Alipewa maandishi bila picha, kwa kuwa picha zilikuwa zipigwe upya baadaye. Kiti chenyewe hakuwahi kukiona. Tilt akaiita kuinamisha, recline akaiita kuegemeza, lean akaiita kuegemea, na rest akaiita kupumzika au kupumzisha. Ukimfungulia kamusi, huna neno la kumlaumu nalo.

Kilichotokea

Siku ya makabidhiano fundi alimwonyesha mama wa mtoto wenzo mbili (vishikio vya kubana) zilizo kwenye mikono ya kusukumia: moja ya kiti kizima, moja ya mgongo wa kiti. Mama alirudia hatua zote mbele ya fundi, sawasawa. Wiki iliyofuata akarudi kazini, mtoto akabaki na bibi, ambaye siku ya mafunzo hakuwepo. Mjukuu mkubwa wa darasa la sita ndiye aliyemsomea bibi karatasi, mstari kwa mstari, naye akafuata kila sentensi. Hilo lisisitizwe, kwa sababu taarifa ya kwanza ya kisa hiki iliandikwa kwamba mlezi hakuzingatia maelekezo.

Sentensi ya kwanza ilisema: *Inamisha kiti nyuma nyuzi 30 kabla ya kumwegemeza mtoto.* Kuinama ni kwenda mbele na chini. Kuinama nyuma hakuna anayekujua. Baada ya kulifikiria, bibi alifanya lililowezekana: alikivuta kiti, mtoto akiwa ndani, akakiegemeza ukutani, magurudumu ya mbele yakiwa hewani. Vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka vilikuwa vimegeuzwa juu ili kiti kivuke kizingiti cha mlango, na havikurudishwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumzuia. Kwa hesabu za pembe bibi alikuwa sahihi kuliko karatasi: magoti yalipanda juu ya nyonga, pembe ya nyonga ikabaki ileile. Ila kilichokishikilia kiti kisiteleze kilikuwa msuguano wa mipini ya plastiki kwenye ukuta wa chokaa, basi.

Kisha, kama alivyoagizwa, akamwegemeza mtoto. Alichukua mto wa kulalia akauweka kati ya mgongo wa mtoto na mgongo wa kiti. Unene wa mto ukamsogeza mtoto mbele, na kikalio kilichokuwa kimepimwa kumfaa kikawa kifupi ghafla.

Sentensi nyingine: *Miguu ipumzike kwenye bamba la kukanyagia.* Bibi alielewa kuwa miguu inahitaji muda wa mapumziko. Kila alasiri alifungua mikanda ya miguu akaiacha ining'inie. Miguu inayoning'inia huvuta mapaja, mapaja yakavuta fupanyonga, na mtoto ambaye tayari alikuwa amesogezwa mbele na mto akasogea tena.

Nyingine: *Mtoto akiegemea upande wa kushoto, angalia kwanza nyonga.* Kwa msomaji wa Kiswahili swali linalofuata ni moja tu: akiegemea nini? Upande wa kushoto palikuwa na kitu kimoja cha kuegemea, kile kizuizi cha ubavuni chenye sponji. Bibi akaona kuegemea huko ndiko kunakokatazwa, akakichomoa, akakihifadhi vizuri kabatini.

Sentensi iliyoleta madhara makubwa zaidi ilikuwa fupi kuliko zote: *Usimwegemeze wakati wa kula.* Kilichokusudiwa ni kwamba mgongo wa kiti usilazwe wakati wa mlo. Kilichosikika ni kwamba mtoto asiegemee kitu anapokula. Bibi alimvuta mtoto kutoka kwenye mgongo wa kiti, akamshika mabega kwa mkono wa kushoto na kumlisha uji kwa mkono wa kulia. Kichwa, kilichokosa kiegemeo chake, kikaangukia nyuma kwenye kiwiko cha bibi, kidevu juu. Kidevu kikiinuliwa, njia ya hewa hufunguka. Ndiyo sababu huduma ya kwanza huinua kidevu cha mtu aliyezimia. Lakini kwa mtoto anayemeza polepole, uji hushuka kwa uzito wake wenyewe kabla njia hiyo ya hewa haijajifunga. Mtoto akawa anapaliwa karibu kila mlo.

Wiki ya tatu mama aliomba watu wa kituo waje. Fundi alikuja na spana na futi kamba, akiwa ameshaamua kwamba kiti ni kikubwa. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwani kikalio kirefu mno ni sababu ya kawaida sana ya mtoto kuteleza. Alipima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, akapunguza sentimita 3 hadi 6 kama ipasavyo, na kikalio kikalingana. Akapima bamba la miguu, nalo likalingana. Mtaalamu wa fiziotherapia akaangalia ngozi. Juu kidogo ya kitokono palikuwa na duara la rangi iliyokolea kuliko ngozi ya jirani, lenye joto na ugumu kidogo, na baada ya nusu saa ya kulala ubavu halikuwa limebadilika. (Miongozo mingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo gusa na linganisha na ngozi ya jirani.)

Fundi akamwuliza bibi kama wanafuata maelekezo. Bibi akajibu ndiyo, yote. Mazungumzo yangeishia hapo, na kiti kingepelekwa karakana kutafutiwa ugonjwa usiokuwepo. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alikuwa bado amechuchumaa pembeni ya godoro, akasema: "Bibi, tunaomba utuonyeshe sisi wanao unavyomhudumia, tangu asubuhi."

"Kama mlivyoandika wenyewe," bibi akajibu, akakivuta kiti kuelekea ukutani.

Maamuzi ya siku ile, na sababu zake

Karatasi iliondolewa nyumbani papo hapo. Kulikuwa na wazo la kusahihisha kwa kalamu juu ya maneno yaliyopo, likakataliwa, kwa sababu mjukuu ndiye msomaji na karatasi yenye maneno mawili kwenye nafasi moja ingemfanya achague mwenyewe.

Mgongo wa kiti ulifungwa kwa pini kwenye pembe moja kwa majuma mawili, ukabaki mwendo wa kiti kizima pekee. Uamuzi huu ulikuwa na gharama: bibi hangeweza tena kumlaza mtoto kitini ili ambadilishe nguo, ilibidi amnyanyue kumpeleka kwenye godoro. Ulizungumzwa naye waziwazi akakubali. Sababu ni mbili. Ngozi iliyokwisha kuumia haitakiwi kuburuzwa tena, na mwendo mmoja ukiondolewa, hakuna tena mpangilio wa hatua wa kukosea.

Vigurudumu vya kuzuia kupinduka vilirudishwa chini, na seremala wa jirani akatengeneza daraja la mbao la kuvukia kizingiti, ili kusiwe na sababu ya kuvigeuza tena. Kizuizi cha ubavuni kikatolewa kabatini. Mto ukarudi kitandani.

Kuhusu mlo, maelekezo yalitolewa kwa mdomo na kwa mikono: mgongo na kichwa vya mtoto viguse kiti, kidevu kielekee kifuani kidogo, mlishaji akae mbele yake kwenye kigoda kifupi, macho yake yakiwa sawa na ya mtoto au chini kidogo. Mlishaji akisimama, mtoto humtazama juu na kidevu hupanda, hata kama kiti kimewekwa vizuri. Mtoto pia alipelekwa hospitali kuangaliwa kifua na umezaji wake, kwa kuwa kupaliwa kwa majuma matatu hakuachwi kwa kubadilisha mkao pekee.

Uamuzi wa mwisho ulihusu mtafsiri. Kituo kingeweza kumtafuta mwingine. Badala yake kilimwita karakani, kikamkalisha kwenye kiti cha mtu mzima chenye miendo yote miwili, macho yamefungwa, kikamzungusha. Baada ya dakika kumi alikuwa anafuta maneno yake mwenyewe.

Kutafuta maneno

Kazi ilianza kwa kuacha vitenzi pembeni na kuuliza, kwa kila sentensi ya Kiingereza, maswali matatu. Kinachosogea ni kipi: kiti kizima, kipande cha kiti, au mwili? Uzito unaishia wapi? Nani anatenda: mlezi au aliyekaa?

Recline ilipata jawabu haraka, na jawabu lilitoka kwenye basi. Kila msafiri wa masafa marefu anajua kulaza siti, na anajua kwamba siti ikilazwa ni mgongo wake tu unaokwenda nyuma. *Laza mgongo wa kiti* ikaingia bila ubishi.

Tilt ndiyo iliyosumbua, kwa sababu hakuna kitu cha kila siku kinachofanya hivyo na mtu akiwa juu yake, ukiacha kiti cha kubembea na watoto wa shule wanaokalia miguu miwili ya nyuma ya kiti mpaka mwalimu awakemee. *Inamisha* iliondoka kwa sababu zilizokwishaonekana. *Inika*, neno ambalo watu wa pwani hulitumia kwa chombo kinacholazwa upande ili kimiminike, lilipendwa na mtafsiri, lakini wazazi wa bara waliokuwepo hawakulifahamu, na waliolifahamu waliuliza mtoto amiminwe wapi. *Binua* lilikuwa karibu zaidi kimaana. Likazimwa na vicheko, maana kinachobinuliwa katika mazungumzo ya kawaida ni mdomo au makalio. *Rudisha kiti nyuma* likajaribiwa, na mzazi wa kwanza akakirudisha nyuma hatua mbili, kwa magurudumu. *Laza kiti kizima* likajaribiwa, na baba mmoja akamtoa mwanasesere, akakilaza kiti chini sakafuni kana kwamba anakipakia kwenye gari.

Majaribio yote yalifanywa kwa mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa na viungo vya nyonga na magoti, aliyejazwa mchanga ili awe na uzito. Hakuna mtoto aliyewekwa kitini wakati maneno yanajaribiwa. Msomaji alisomewa sentensi mara moja, akatakiwa kutenda, na hakuna aliyeruhusiwa kumwelekeza kwa mkono wala kwa macho. Sheria hiyo ya macho iliongezwa siku ya pili, baada ya kugundulika kwamba wazazi walikuwa wanaangalia fundi anatazama wenzo gani.

Jawabu lilipatikana kwa kuacha kukitaja kitendo cha kiti na kutaja kinachoonekana kwa mtoto. Katika mwendo mmoja magoti hupanda, katika mwingine magoti hubaki palepale. Karatasi mpya ikasema:

*Bana wenzo wa kushoto, sukuma mipini chini. Kiti kitapandisha magoti ya mtoto. Acha magoti yakiwa juu kuliko nyonga.*

*Bana wenzo wa kulia. Laza mgongo wa kiti tu. Magoti yasisogee.*

Ile ya mlo ikawa: *Akila, mgongo wa kiti uwe wima. Mgongo na kichwa chake viguse kiti. Kidevu kisipande.* Miguu ikawa: *Nyayo zote mbili zikanyage bamba muda wote.* Na ile ya kuegemea: *Mtoto akilalia upande mmoja, usichomoe kizuizi. Kwanza tazama kama nyonga zimekaa sawa.*

Nyuzi 30 ziliondolewa kabisa, kwa kuwa hakuna nyumba yenye kipima pembe. Mtu mmoja alipendekeza mshale wa saa, kwa sababu kati ya namba moja na inayofuata kwenye uso wa saa kuna nyuzi 30 kamili. Wazo zuri, ila uso wa saa umeandikwa 12 mahali tunapotamka saa sita, na mabishano ya hapo yalikula muda kuliko somo lenyewe. Fundi alimaliza kwa rangi ya kucha: alipima pembe kwa simu iliyolazwa ubavuni mwa kikalio, akachora mstari wa kijani kwenye fremu kwa mkao wa mlo na mstari mwekundu kwa mkao wa kupunguza mgandamizo.

Matokeo

Kupaliwa kulipungua tangu mlo wa kwanza wa mkao mpya, na ndani ya juma la kwanza kukawa jambo la nadra. Ngozi ilirudi rangi yake kabla pini haijatolewa. Mgongo wa kiti ulipofunguliwa tena, bibi alifanya hatua zote nne kwa mpangilio wake, kwenda na kurudi, akitaja magoti kila mara: "Yamepanda. Sasa mgongo."

Si kila kitu kilikaa sawa. Jirani aliyebaki na mtoto siku moja alisoma kuhusu kupandisha magoti akayanyanyua kwa mikono yake, akaweka mkoba chini ya mapaja. Neno *kiti* lilikuwa mwanzo wa sentensi lakini halikumtosha. Toleo lililofuata likapata mchoro wa mkono ukiwa kwenye wenzo.

Uchambuzi

Kiingereza huweka tofauti ndani ya kitenzi. Anayesema tilt amekwisha kueleza kwamba kitu kizima kimeacha kuwa wima au mlalo bila kubadilika umbo. Anayesema recline amekwisha kueleza kwamba mtu au mgongo wa kiti umekwenda nyuma kuelekea kulala. Kitu chenyewe kinaweza hata kutotajwa. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa namna nyingine: kitenzi kinatuambia zaidi habari za utegemezi na mwelekeo, na yambwa (kitu kinachotendwa) ndiyo inayosema kipi kimesogea. Kumtafutia kila kitenzi cha Kiingereza mwenzake mmoja wa Kiswahili ni kubeba nusu ya maana na kuiacha nusu nyingine bandarini. *Laza mgongo wa kiti* na *kiti kipandishe magoti* zilifaulu kwa sababu tofauti ilihamishiwa kwenye nomino.

Kosa la *egemeza* lina mzizi zaidi ya mmoja. Kuegemea kwa Kiswahili kunadai kitu cha kuegemewa. Ukuta, fimbo, bega la mtu, hata mjomba mwenye uwezo. Lean ya Kiingereza haidai hivyo: mtu hu-lean mbele hewani bila kugusa kitu, na hapo Kiswahili kinasema *inama*, hu-lean juu ya kitanda cha mgonjwa, na hapo ni *inamia*, kiwiliwili chake hu-lean upande mmoja kwa udhaifu wa misuli, na hapo ni *lalia upande*, hu-lean ukutani, na hapo tu ndipo *egemea* inapokaa. Nne kwa moja. Mtafsiri aliyeandika *akiegemea upande wa kushoto* aliunda, bila kujua, kitu cha kuegemewa ambacho matini ya awali haikukitaja, na bibi alikitafuta mpaka akakipata.

Pia kuna suala la nani anatenda. Tilt, recline, lean na rest zote zaweza kutumika na yambwa au bila yambwa pasipo kubadilika hata herufi moja: kiti huweza ku-tilt, na mtu huweza ku-tilt kiti. Amri ya Kiingereza inayosema recline polepole haionyeshi kama inamwambia mlezi au aliyekaa. Kiswahili hakina anasa hiyo. Lazima kuchagua kati ya *jilaze*, *mlaze* na *ulaze*, na kila chaguo linabadilisha ni nini kinacholazwa. *Usimwegemeze* ilibeba kiambishi cha mtoto, -m-, mahali ambapo kilichokusudiwa ni mgongo wa kiti. Herufi moja ikahamisha katazo kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mwili. Mhariri anayesoma tafsiri ya namna hii apitie viambishi vya yambwa kabla hajagusa msamiati.

Rest ndiyo hatari zaidi kwa sababu inaonekana nyepesi. Ina kazi mbili: kuacha kufanya kazi, na kukaa juu ya kitu kikabeba uzito. Kiswahili kina *pumzika* kwa ya kwanza tu. Miguu, viwiko na vichwa kwenye maelekezo ya kiti karibu kila mara vimo kwenye ya pili: nyayo hukanyaga, viwiko hukaa juu ya meza ya kiti, kichwa hugusa au hulala kwenye kiegemeo. Ukiona *pumzisha* ikifuatiwa na kiungo cha mwili katika tafsiri ya maelekezo ya tiba, simama hapo. Mara nyingine itakuwa sahihi. Siku ile haikuwa.

Tip (kupinduka), prop na slouch zilikuwemo pia na hazikuleta shida. *Tegemeza kwa mto* inaeleweka kila mahali, na *kuteleza mbele mpaka kukalia mgongo* ni ndefu kuliko slouch lakini haina mlango wa kosa.

Jambo la pembeni, kwa wanaopenda mizizi ya maneno: lean na recline ni ndugu wa damu, zimetoka kwenye mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kuegemea, moja likipitia lugha za Kijerumaniki na jingine Kilatini. Kwa Kigiriki mzizi huohuo ulizaa neno la kitanda, na kitanda hicho ndicho kilichotuletea kliniki. Kwa hiyo mtafsiri aliyeyaona maneno hayo mawili yanafanana hakukosea kihistoria.

Kilichofanya kazi zaidi ya maneno yote ni ombi la kuonyeshwa. Swali la kama maelekezo yanafuatwa lilipata jibu la kweli lisilo na faida, kwa sababu bibi alikuwa anayafuata. Kituo sasa humtaka kila mlezi, si yule aliyekuja siku ya makabidhiano pekee, aonyeshe hatua za kwenda na kurudi na hatua za mlo kabla watu wake hawajaondoka. Hilo huongeza karibu dakika ishirini kwa kila nyumba, na ratiba ililazimika kupunguzwa nyumba moja kwa siku.

Kilichoshindikana ni kutuma maandishi kwa mtafsiri bila picha na bila kiti. Uamuzi huo ulifanywa ili kuokoa siku chache, na kasoro yake haingeonekana kwa msomaji yeyote aliyeketi mezani, kwa sababu karatasi ilisomeka vizuri mno. Karatasi yenye Kiswahili kibovu ingemshtua mama, angempigia fundi simu. Hii haikumpa sababu ya kupiga.

Baada ya kisa hiki kituo kilipekua orodha yake ya makabidhiano. Familia nyingine mbili zilikuwa na toleo lile la kwanza. Katika nyumba moja halikuwa limesomwa hata mara moja. Lilikuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na spana na pampu, na mtoto alikuwa amekaa vizuri kabisa.